Mstari wa Chokaa Juu ya Mgongo wa Kiboko

Nikifumba macho, mwanangu, siku inayonijia kabla ya nyingine zote ni ile niliyosimama juu ya jabali letu asubuhi, ndoo ya chokaa mkono mmoja, futi kamba mkono wa pili, tai shingoni. Ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa ndani ya kibuyu. Wanawake waliacha kuanika dagaa wakanitazama. Nilijisikia mkubwa. Sikujua kwamba nafanya jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya, na nililifanya kwa unadhifu sana.

Nijitambulishe vizuri, ujue nani anakushauri. Mimi ni Masalu, mwenye karakana ya majokofu hapa Buswelu, ile yenye geti la kijani. Sikurithi kitu kwa mtu. Nilianza kwa kuuza barafu kwenye kivuko cha Kigongo, nikiwakimbilia abiria wa kwenda Busisi, enzi ambazo daraja mnalopita leo halikuwapo hata kwenye maneno ya watu. Nikiwa nauza barafu nikaanza kujiuliza baridi inatengenezwaje. Wenzangu walijiuliza tu lini watauza zilizobaki. Hiyo ndiyo tofauti yangu na wao, na sioni haya kuisema. Nikajifunza kufungua friji mbovu kule Nyamagana, nikajifunza Kiingereza kwa vitabu vya kuokota, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nikapata nafasi ya kwenda Korea ya Kusini, mji wa bandari wa Busan, kufanya kazi katika ghala la samaki. Mchana nilibeba maboksi, jioni nikasoma. Nilirudi na diploma ya mitambo ya baridi, yenye muhuri mwekundu, na lugha ya Kikorea kichwani. Katika mwalo wetu wote, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, hapakuwa na mwingine wa namna hiyo. Mpaka leo hayupo.

Mwalo wetu uko kando ya ziwa, mwendo mfupi kabla hujafika kivukoni. Watu wanaufahamu kwa sababu ya jabali kubwa lililolala nusu nchi kavu, nusu majini, pana, jeusi, laini. Tunaliita Mgongo wa Kiboko. Jua likipanda, jabali lile linakuwa moto kama kikaango, na dagaa zilizoanikwa juu yake zinakauka kabla ya saa tisa, safi, bila mchanga. Kwa hiyo dagaa zetu zilijulikana mbali.

Juu ya jabali hilo alianika mama yangu, Kulwa, na juu ya jabali hilohilo alianika pacha wake, mama mdogo Doto. Tangu wakiwa wasichana. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, Doto akaongea kwa niaba ya wote wawili. Walikuwa na sehemu moja, sufuria moja ya uji, na kofia moja ya ukindu waliyopokezana jua linapokuwa kali. Nikiwaangalia kutoka mbali, na mvuke ukipanda kutoka kwenye jiwe, sikuweza kujua nani ni mama yangu. Mara nyingine niliona kama mwanamke mmoja na kivuli chake, na kivuli ndicho kinachoongea.

Na palikuwa na desturi moja, mwanangu, ambayo haikuandikwa popote. Wingu likitokea ziwani, wa kwanza kuliona anapiga kelele, "Mvua!" Hapo kila mtu, awe anasuka nyavu, awe anakula, awe amegombana na jirani yake asubuhi ile, anakimbilia jabalini kukusanya dagaa. Huulizi za nani. Unakusanya zilizo karibu na mguu wako, unazifunika, na mkishamaliza ndipo kila mtu anatafuta zake. Nimekuwa nikiona hivyo tangu naanza kutembea. Niliona ni kitu cha kawaida kama kupumua.

Niliporudi kutoka Korea walinifanyia sherehe. Mbuzi alichinjwa. Wakaniita Mkorea, jina lililoniganda mpaka leo. Nilisimama na suti yangu nikawasimulia habari za huko, na habari niliyoisimulia vizuri zaidi ilikuwa ya mwalimu wangu, Mzee Pak.

Mzee Pak alitufundisha mitambo. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye vidole vilivyoungua kwa gesi. Sikukuu ya mavuno alinialika nyumbani kwake, maana alijua sina ndugu pale. Akaandaa meza ya kuwakumbuka wazee waliotangulia, kama wanavyofanya wao, kisha akachukua bakuli moja la wali akaliweka peke yake dirishani, likielekea kaskazini. Nikamuuliza la nani. Akasema, "La mama. Sijui kama yu hai, kwa hiyo siwezi kumwombea kama marehemu, na siwezi kumngojea kama mzima. Naliweka tu."

Ndipo akanieleza. Wajapani waliitawala Korea miaka thelathini na mitano. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Wajapani wakashindwa, na watu wakamiminika barabarani wakiimba, wakidhani nchi imerudi mikononi mwao. Lakini Warusi walikuwa wameshaanza kuingia kutoka kaskazini, na Wamarekani walikuwa njiani kuja kutoka kusini. Marafiki wa vita walikuwa wameanza kuogopana. Kila mmoja alihofia mwenzake asiichukue yote. Basi huko Marekani maofisa wawili wakapewa ramani na muda mfupi sana, wachague mahali pa kugawana. Hawakuwa wajuzi wa Korea. Wakaona mstari wa latitudo ya thelathini na nane unapita karibu na katikati, mji mkuu unabaki kusini, wakasema, hapa. Warusi wakakubali. Wakorea hawakuulizwa. Waliambiwa ni wa muda tu, ili upande wa juu Warusi wapokee silaha za Wajapani, na upande wa chini Wamarekani wafanye hivyohivyo.

Mstari haukujali kitu. Ulipita katikati ya vijiji, ukakata mito, ukaacha shamba upande huu na nyumba ya mwenye shamba upande ule. Miaka mitatu baadaye kila upande ulikuwa na serikali yake, bendera yake, na mkubwa nyuma yake anayeusukuma. Mwaka 1950 jeshi la kaskazini likavuka, vita ikawaka, Wamarekani wakaja na wenzao, Wachina nao wakaja, nchi ikasagwa juu na chini miaka mitatu. Walipochoka wakasimamisha bunduki, na mstari ukabaki karibu palepale ulipoanzia. Ila sasa ulikuwa na waya wa miiba.

Wakati wa vita hiyo Pak alikuwa na miaka tisa. Baba yake alimshika mkono wakakimbia kusini na umati, kwenye theluji. Mama alibaki na mtoto mchanga mwenye homa. Baba alimwambia mama mlangoni, "Siku tatu tu." Mzee Pak alipofika hapo aliliweka sawa bakuli lililokuwa limekaa upande kidogo pale dirishani. Kisha akasema neno ambalo nimelala nalo miaka yote: "Wakubwa walichora, Masalu. Lakini tuliosimama na bunduki tukaulinda ni sisi wenyewe."

Akaniambia pia kwamba kando ya ule mpaka kuna ukanda ambao binadamu haruhusiwi kukanyaga, majani yameota yakawa msitu, na korongo weupe wanatua humo wakati wa baridi. "Ndege tu ndio wanaovuka," alisema. Niliwahi kuota ndoto ya ukanda ule. Niliona ukungu, na ndege warefu wanatembea taratibu kama wazee wanaotafuta kitu walichoangusha.

Hayo yote niliyasimulia siku ile ya mbuzi, na nilisimulia vizuri, watu wakafuta machozi. Mama yangu peke yake ndiye aliyeuliza swali.

"Hao waliochora mstari, walikuwa wamesoma?"

"Sana, Mama. Sana."

"Haya," akasema, akaendelea kutoa uchafu kwenye mchele.

Mwanangu, ningekuwa na akili inayolingana na diploma yangu, ningelishika neno lile "haya". Sikulishika.

Miaka ile soko huria lilikuwa limeingia. Zamani dagaa tulizipeleka wenyewe mjini. Sasa wanunuzi wakaanza kuja mpaka mwaloni na malori. Kwetu walikuja wawili. Wa kwanza alikusanya dagaa za viwanda vya chakula cha kuku, watu wakamwita Bwana Kuku. Wa pili alizisafirisha kwenda Kongo, akaitwa Bwana Kongo. Kila mmoja akagawa nyavu, taa za karabai, na maturubai ya kufunikia dagaa. Ya Bwana Kuku yalikuwa ya bluu, ya Bwana Kongo ya njano. Kila mmoja akataka dagaa za jabalini, kwa kuwa hazina mchanga, na kila mmoja akasema aliyepokea vifaa vyake asimuuzie mwingine. Watu wakapokea. Nani angekataa wavu mpya?

Fujo ikaanza. Dagaa za bluu na za njano zilikuwa zinachanganyika juu ya jiwe kama zilivyochanganyika siku zote, na sasa kila mkusanyiko ukawa ugomvi. Malori yakazuiana njia. Vijana wakapigana kwa makasia, mmoja akavunjika mkono. Mwenyekiti wa mtaa, mzee mwema aliyechoka, akaja kwangu.

"Mkorea," akasema, "wewe umesoma. Tutenganishie hawa watu."

Aliponiambia "umesoma," nilishakubali kabla hajafika mwisho. Nilichukua karatasi ya mraba-mraba, nikachora jabali, nikapima, nikagawa nusu kwa nusu. Bwana Kuku akaitazama ramani akatikisa kichwa kukubali. Bwana Kongo akanipa mkono. Wanawake wa mwaloni sikuwauliza. Niliwaambia ni mstari wa giza moja tu. Wavuvi wa dagaa wanahesabu hivyo, kwa vipindi ambavyo mwezi hauonekani, maana ndipo taa zao zinapovuta samaki. Giza moja, nikasema, hadi mambo yatulie.

Nikavaa tai, nikapanda na ndoo. Mstari ulianzia kwenye ufa wa juu, ukashuka umenyooka kama uzi mpaka majini. Ulikuwa mweupe na mzuri. Ulipita katikati ya sehemu ya Kulwa na Doto, kwa kuwa ndipo katikati ilipokuwa. Nyumba ya mama ilikuwa upande wa bluu, ya mama mdogo upande wa njano, na vifaa walikuwa wamepewa hivyohivyo.

Doto alisimama ng'ambo ya chokaa mbichi, mikono kiunoni. "Mkorea mwanangu, nikitaka kumwomba dada chumvi, nije na pasipoti?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. "Ni kwa ajili ya dagaa tu, mama mdogo."

"Na kofia?" akauliza. "Ikae kwa nani?"

Hilo sikuwa nimelipima. Wakaangaliana, mama akaivua akampa. Doto akairudisha. Mwishowe ikabaki juu ya jiwe, juu ya mstari, na upepo wa mchana ukaipeleka ziwani.

Amani ilipatikana, nisidanganye. Malori yalipanga foleni. Nilipita mtaani kifua mbele. Lakini taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi wenye tundu dogo, mambo yakaanza kubadilika. Watu wakaitwa Wakuku na Wakongo. Kwanza ilikuwa mzaha. Kisha Mkuku akaacha kuazima jembe kwa Mkongo. Kisha ngoma ya harusi ya upande mmoja ikachezwa na upande mmoja. Sufuria za uji zikawa mbili. Giza moja likapita, mwenyekiti akaniuliza kama tuufute. Wanunuzi wote wawili wakasema uendelee kidogo. Nikaupaka upya.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapoumia.

Siku moja Doto alivuka kwenda Busisi, binti yake alikuwa amejifungua. Aliondoka asubuhi na majirani zake wengi wa upande wa njano wakamsindikiza, na dagaa zao wakaziacha zimeanikwa juu ya jiwe. Usimshangae. Tangu azaliwe hajawahi kuogopa kuacha dagaa jabalini. Watu walikuwapo.

Baada ya saa sita ziwa likabadilika rangi. Wingu likasimama upande wa visiwa, zito, la zambarau, na upepo ukawa na harufu ya majani yaliyooza. Mtu akapiga kelele, "Mvua!" Tukakimbia. Upande wa bluu ukakusanywa haraka, tukafunika. Upande wa njano walikuwapo wawili tu, wakakusanya zao. Dagaa za Doto na za waliomsindikiza zilibaki, pana, zinang'aa kama shuka ya fedha iliyotandikwa na mtu anayetarajia wageni.

Mama aliinama kuchukua karai lake tupu akapiga hatua kuelekea chokaa. Kijana aliyewekwa na Bwana Kuku kusimamia maturubai akamkatia njia.

"Mama Masalu, ukigusa za Wakongo, turubai na wavu vinarudi kwa mwenyewe. Ndiyo makubaliano."

Mama alinigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama pale na mwavuli wangu kutoka Busan.

"Masalu. Mwambie anipishe."

Neno moja tu lilihitajika, mwanangu. Kijana yule alikuwa ananiogopa. Watu wote walikuwa wananitazama, na mstari ulikuwa wangu, na nilijua nikiruhusu mtu mmoja auvuke, basi nilichora upuuzi. Nikasema, "Mama, ni makubaliano. Na mvua yenyewe ndogo."

Haikuwa ndogo. Ilikuja kutoka ziwani ikitembea kwa miguu yake, ukuta mweupe. Niliona dagaa za Doto zikianza kusogea. Kwanza chache, kisha jiwe zima likawa linateremka, maelfu kwa maelfu, zinameremeta, zinapinda na maji, na kwa muda nilidhani zimefufuka na zinarudi kwao. Zikaingia ziwani bila sauti. Na kati yao niliona utepe mweupe kama maziwa ukiteremka pia. Ilikuwa chokaa yangu. Mvua ilipokatika jabali lilikuwa jeusi lote, limeoshwa, halina mstari.

Lakini mama alikuwa bado amesimama palepale, vidole vya miguu mahali mstari ulipokuwa, karai mkononi limejaa maji. Hakuvuka. Hakuna aliyevuka.

Doto alirudi jioni, jua likiwa bado juu kidogo, kanga imelowa. Alitazama upande wake mtupu. Akatazama rundo la mama lililofunikwa, kavu.

"Dada. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo," mama akasema.

"Ukaona?"

"Niliona."

Doto, ambaye tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akikosa la kusema, aligeuka akaenda zake. Kesho yake nilimpita njiani nikamwambia, "Shikamoo, mama mdogo." Akapita. Hakuitikia. Wewe unajua maana yake, mzazi kuiacha shikamoo yako ikining'inia hewani. Afadhali angenichapa.

Miezi ikapita. Bwana Kongo akaacha kuja, kule anakopeleka mzigo kulikuwa na vita. Bwana Kuku akapata mwalo mwingine wa karibu zaidi na barabara, akaondoka bila kuaga. Maturubai yakapauka. Waliotugawa hawakuwapo tena, na hapakuwa na chembe ya chokaa juu ya jiwe, lakini hakuna mtu aliyeanika katikati. Kulibaki ukanda mtupu, upana wa hatua tatu hivi, kutoka kwenye ufa mpaka majini. Kila upande uliuacha bila kuambiwa. Siku moja asubuhi yenye ukungu nilitoka nikaona ndege yangeyange wamejipanga humo, weupe, wanatembea taratibu, wanadonoa mabaki. Nilisimama nikasikia baridi mwilini, mimi niliyesomea baridi. Ilikuwa ile ndoto yangu.

Nikamwandikia Mzee Pak. Sikumwandikia kujisifu, ingawa nilikuwa na mengi ya kujisifia. Nilimweleza kila kitu. Jibu lilichukua muda mrefu kufika, karatasi moja, mistari michache. Aliandika: "Mama yako na pacha wake wanatenganishwa na hatua tatu. Mimi natenganishwa na majeshi. Kama ningekuwa na hatua tatu, Masalu, nisingekuwa nimekaa hapa nikiandika barua. Usingoje mtu wa kuwaruhusu."

Nilimsomea mama, nikitafsiri neno kwa neno. Alisikiliza huku akishona wavu.

"Nenda basi," akasema.

"Mimi? Wanaogombana ni ninyi, Mama."

Akaweka sindano chini. Hakupaza sauti. "Mimi nilisimama kwenye mstari wako nikamwangalia pacha wangu anaharibikiwa. Hiyo ni yangu, nitaibeba. Lakini mstari si wangu. Uliuchora mbele za watu umevaa tai. Ukaufute mbele za watu."

"Mvua ilishaufuta."

"Umeufuta wewe?"

Hilo ndilo karipio nililopewa, mwanangu, na mwanamke aliyesoma mpaka darasa la nne. Walimu wangu wote wa Busan hawakuwahi kunifikisha nilipofikishwa siku ile.

Nikavaa tai ileile. Nikaenda kwa Doto. "Shikamoo, mama mdogo." Kimya. Nikachukua karai lake la dagaa mbichi, nikalibeba kichwani, maji yakinitiririka kwenye shati, nikaenda kuzimwaga katikati kabisa, kwenye ukanda wa yangeyange. Ndege wakaruka. Nikapiga magoti nikaanza kuzitandaza kwa mikono. Watu walinicheka pande zote mbili, na hilo lilikuwa jambo la kwanza walilofanya pamoja tangu mvua ile.

"Mkorea kawa mke wa mvuvi!"

"Diploma yenyewe ndiyo hiyo?"

Niliwaacha wacheke. Kesho yake nikarudia. Shikamoo, kimya, karai, magoti. Siku ya pili, ya tatu, wiki nzima. Karakana niliifunga. Doto alikuwa anakaa mbali ananitazama kama anayetazama moto wa jirani. Siku ya saba au ya nane alisema neno la kwanza: "Unazirundika. Zitaoza hizo." Akarudi kukaa.

Kisha wingu likaja. Safari hii lilitokea upande wa mama, nyuma ya vilima, halikuonekana mapema. Mama alikuwa peke yake upande ule, mgongo ulikuwa unamsumbua siku zile, na alikuwa ameanika nyingi. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, "Mvua! Mvua!" Nikaanza kukusanya za katikati. Nikainua kichwa. Mama ameinama, hawezi kufanya haraka, matone ya kwanza yanapiga jiwe. Na upande wa pili Doto amesimama ukingoni mwa ukanda, vidole vya miguu palepale vya dada yake vilipokuwa.

Sikumwambia kitu. Naapa sikumwambia.

Alifunga kanga kiunoni kwa nguvu. "Pisha, Mkorea," akasema, akaruka juu ya dagaa zake mwenyewe, akavuka hatua zile tatu kwa mbili, akaanza kukusanya za dada yake kwa mikono yote miwili. Nyuma yake akaja mwanamke mwingine. Halafu mmoja wa bluu, aliyefika mbio kutoka nyumbani, akavuka kuja njano. Halafu sikuweza tena kujua nani ametoka wapi. Turubai la bluu lililotoboka likawekwa, na la njano lililotoboka likawekwa juu yake, na matundu yakakosana, maji hayakupita. Tulisimama kwenye mvua tumeloa wote. Mama na mama mdogo walikuwa wamekaa juu ya rundo wakilizuia turubai lisipeperuke, mgongo kwa mgongo, na mvuke ukipanda kutoka kwenye jiwe sikuweza kujua nani ni mama yangu.

Mmoja wao akasema, bila kunitazama, "Na zile shikamoo zako zote, marahaba."

Kwa hilo nikajua ni yupi.

Mzee Pak hakubahatika kuvuka. Miaka michache baadaye binti yake aliniandikia kwamba mzee ameondoka duniani, na kwamba sasa bakuli la dirishani linawekwa na yeye. Nchi ile bado iko vipande viwili ninapokusimulia. Sijui utaratibu wa mataifa makubwa, na sitajifanya najua, japo ni mambo machache nisiyoyajua.

Lakini hili nalijua, na nakuachia. Watu wawili wenye nguvu wakija kugombana mbele ya mlango wako, watakupa vitu, na vitu vyenyewe vitakuwa vizuri. Pokea kazi, pokea biashara, lakini usipokee adui waliyemleta. Wakisema watakugawa na ndugu yako kwa muda tu, waulize muda huo unaisha siku gani, na nani ataufuta mstari. Wakikuomba wewe uuchore kwa sababu umesoma, waulize kwanza wanaoanika pale. Na kama umeshauchora, usingoje mvua ikufutie. Mvua inafuta chokaa. Kilichobaki kwenye miguu ya watu utakifuta mwenyewe, kwa magoti, huku ukichekwa.

Mwenyezi Mungu akupe elimu kubwa kuliko yangu, ikiwezekana. Akupe macho ya kuona wingu kabla ya wenzako, na sauti ya kuwaita. Na siku mvua itakapokukuta, uwe umekusanya zilizo karibu na mguu wako, bila kuuliza za nani, na zako ziwe zimekusanywa na mtu mwingine.